Mwenyekiti Aliyenyamaza

Garissa, Jumatano, baada ya Alasiri. Joto limebana tangu asubuhi, upepo wa vumbi unatoka upande wa Wajir, na mto umejaa maji mekundu ya mvua iliyonyesha mbali, mvua ambayo sisi hatujaiona hata tone.

Kosa wanalofanya watu wengi, na waliosoma ndio huzidi, ni kudhani kwamba mtu aliyenyamaza barazani amekubali. Nimeliona kosa hili ofisini, nimeliona shuleni, na kwa majuma mawili limekuwa limelala kwenye mkeka wangu, likiamka kunywa chai na kulala tena.

Sijatulia. Nimeshika kalamu, nikainuka kwenda mlangoni kutazama upande wa kivuko, nikarudi. Mtu aliyefundisha watoto kukaa kimya madawatini kwa miaka yote ile, leo kiti kinamshinda.

Nitaandika kwa mpangilio. Labda mpangilio utanituliza.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali chetu hakijapata herufi tulizokubaliana, na Kiarabu changu ni cha msikitini tu. Kiswahili nilikisoma pwani nilipokuwa kijana, nikarudi nacho huku kama mtu anayerudi na mwavuli mahali pasipo mvua. Lakini kimenilisha. Nilikifundisha, nikakitafsiri, na hata sasa nimestaafu, ofisi ya wilaya bado huniita niwe mkalimani panapokuwa na baraza.

Aliyelala kwenye mkeka wangu ni Yusuf, mtoto wa dada yangu Halima. Mimi ni abti wake, yaani mjomba wake wa kwa mama. Kwetu neno hilo huenda na kurudi: yeye huniita abti, nami humwita abti. Wageni wakitusikia hudhani tunataniana.

Yusuf anasoma chuo kikuu, nje ya mpaka wa Kenya. Ni safari ya lori mpaka Nairobi, kisha treni. Katika ukoo wetu hakuna aliyefika huko kabla yake. Mwaka huu wenzake walimchagua awe mwenyekiti wa baraza la wanafunzi, na habari hiyo ilipofika hapa mjini watu walinipa mkono sokoni kana kwamba nimechaguliwa mimi.

Likizo imekwisha. Lori lilikuwa liondoke leo baada ya Alasiri. Leo alfajiri, kabla hata chai haijachemka, akaniambia: "Abti, mimi lori sipandi."

"Utapanda lini?"

"Sipandi tena."

Akajifunika shuka.

Nilikuwa nimekwisha kumwombea kibali cha kutoka wilayani, maana huku kwetu huingii wala hutoki bila karatasi ya serikali. Kilikuwa mfukoni mwangu. Sikukitoa. Nilikaa chini kando yake nikangoja, kazi ambayo naijua kuliko zote, mpaka akanieleza kilichomtokea. Kwa majuma mawili alikuwa ameniambia nusu nusu. Leo alisema yote.

Chuoni kila mtu ana kitanda chake, meza yake na taa yake. Kengele ndiyo huamua lini mle na lini mlale. Huvaa tai kwenda bwaloni kula. Mara ya kwanza Yusuf aliposhika kisu na uma kwa pamoja, alikuwa akitazama mikono ya jirani yake kama mtu anayejifunza kuswali. Jumamosi kuna dansi. Yeye hukaa mlangoni akiwashikia wenzake makoti. Ijumaa hutembea mwendo mrefu kwenda msikitini mjini, akirudi anakuta chakula kimepoa. Walimwita Ngamia. Mwanzoni lilikuwa la kumcheka, kwa sababu ya hatua zake ndefu na kwa kuwa hakunywa bia. Baadaye likawa la mapenzi. "Ngamia, njoo utuamue!" Ndivyo walivyokuwa wakimwita ugomvi ukizuka.

Namna alivyochaguliwa ilinichekesha. Palikuwa na makundi mawili makubwa ya wanafunzi, kila moja likitoka sehemu yenye watu wengi, na hakuna lililotaka jingine lipate kiti. Wakatafuta mtu asiye na watu. Wakamwona Yusuf, yuko peke yake kutoka kwetu. Sisi nasi mpatanishi tunamtafuta vivyo hivyo: yule ambaye hana ngamia hata mmoja katika kundi linalogombaniwa.

Lakini palikuwa na sababu nyingine, na hii ndiyo ilinipa fahari. Chumba chake hakikufungwa. Mwenye kulalamikia maharage yenye mchanga, mwenye kunyang'anywa zamu ya kuoga, aliyeachwa na mchumba, wote walikuja kuketi kitandani pake, wakasema mpaka wakamaliza, na Yusuf hakumkatiza mtu. Huko, anasema, watu husema wote kwa pamoja kama mbuzi kisimani. Mtu wa kukusikiliza ni adimu.

Sasa nifike kwenye redio.

Katika ukumbi wao wa mapumziko kuna redio moja kubwa ya mbao. Jioni wanafunzi hujazana pale kusikiliza habari za dunia, wengine wakiwa wamekaa sakafuni, wengine madirishani. Yusuf anasema habari zikianza hata wacheza karata huweka karata chini. Husikia nchi gani inadai nini, nani amefungwa, nani amefunguliwa, kisha hubishana mpaka kengele. Nadhani ubishi huo ndio uliowachosha wakubwa wa chuo. Muhula uliopita msimamizi wa mabweni aliita kamati, Yusuf akiwa ndiye mwakilishi wa wanafunzi, akaleta pendekezo: redio ihamishwe kwenye chumba cha maktaba na iwe ikifunguliwa Jumamosi tu, ili vijana wasome. Akauliza kama kuna mwenye neno.

Yusuf alikuwa na maneno mengi. Akanyamaza.

Hapa nieleze, kwa sababu bila hili hakuna kinachoeleweka. Kwetu shauri halimaliziki siku ile ile lilipoletwa. Shir, yaani kikao cha wazee, hulisikia shauri, wanaotaka kusema husema kwa zamu, na wenye uzito hunyamaza. Kisha watu hutawanyika. Shauri hupelekwa kambini kwa wachungaji, hulala huko, huzungumzwa usiku mmoja au zaidi. Wakikutana tena na kuafikiana, mikono huinuliwa, Fatiha husomwa, na hapo ndipo neno limefungwa. Kabla ya Fatiha hakuna mapatano, kuna mazungumzo tu. Aliyenyamaza siku ya kwanza hajasema ndiyo wala hapana. Amelichukua shauri, anakwenda nalo kwa watu wake. Kulijibu papo hapo ni utovu wa adabu. Ni kama kusema kwamba watu waliokutuma hawana maana.

Basi Yusuf alilichukua shauri la redio, akatoka nalo, akaanza kupita chumba kwa chumba jioni ile akiwauliza wenzake wanaonaje. Alikuwa hajamaliza hata bweni moja. Asubuhi ubao wa matangazo ulikuwa na karatasi: kwa makubaliano na mwakilishi wa wanafunzi, redio itahamishwa.

Kwa makubaliano.

Siku hiyo alipoingia bwaloni, watu wote waligonga vijiko kwenye sahani, taratibu, kwa pamoja, mpaka alipoketi. Wakampa jina jipya: Bwana Ndiyo. Alisimama juu ya benchi ajieleze, akawaambia kwamba hapakusomwa dua ya kufunga neno, na bwalo zima likacheka. Mmoja akapaza sauti: "Kamati ya redio, nayo ina dua?" Hata Mukasa, rafiki yake wa chumba kimoja, mtu mpole, alimwambia: "Ngamia, mdomo ulikwenda nao kwenye mkutano. Mbona ulirudi nao mzima?"

Wakapanga kwamba juma la kwanza la muhula huu wanafunzi wote wakutane ukumbini kumwondoa kwenye kiti. Akiwapo, atasimama mbele yao ajibu. Asipokuwapo, watamwondoa bila yeye.

"Kwa hiyo ukikaa hapa," nikamwambia, "hutaondolewa ukumbini tu. Utakuwa umejiondoa na chuoni."

"Nitauza samli," akasema. "Nitanunua ngamia."

"Ngamia nao husikiliza tu. Mtaelewana."

Hakucheka.

Mimi nilikuwa na baraza asubuhi ile ile. Nikamwambia avae twende, angalau aone jua. Alinifuata bila hamu, amevaa suruali yake ya chuoni na ndara za mama yake alizozikuta mlangoni.

Baraza lilikuwa kwenye banda la mabati nyuma ya ofisi. Shauri lilikuwa la malka. Malka ni njia ya mifugo kushuka mtoni kunywa. Hapa Tana kila malka ina watu wake, na mtu anaijua malka yake kama anavyoujua mlango wa nyumba yake. Serikali inataka kuifunga ile iliyo karibu na kivuko na kuwahamishia watu kwenye nyingine, chini zaidi, mahali mto unapopinda na mamba hujianika. Aliyeliendesha baraza ni bwana shauri, afisa kijana wa Kizungu, mgeni, bado ngozi ya pua inambanduka kwa jua. Si mtu mbaya. Amejifunza Kiswahili chake kwa haraka na hukitumia chote.

Alieleza. Nikatafsiri. Wazee wawili watatu wakasema mambo ya pembeni, kuhusu mvua na kuhusu kupe, ndivyo ilivyo desturi. Haji Mursal, ambaye ndiye mkubwa wao na ambaye neno lake likitoka halirudi, alikuwa ameegemea fimbo yake amefumba macho.

Bwana shauri akatazama huku na huku. "Hapana mtu na maneno? Mzuri sana. Basi nyote nakubali. Baraza nakwisha."

Akaanza kukunja ramani yake.

Lazima niseme nilikuwa nikikusudia nini. Jambo hili limetokea mbele yangu mara nyingi, na nina namna yangu ya kulitengeneza. Mkalimani haruhusiwi kuongeza neno lake. Kwa hiyo mimi hungoja, wazee wakiisha kwenda nikabaki kunywa chai na afisa, na katika chai nikamwambia polepole kwamba wale hawajajibu bado, heri awape juma moja. Afisa huona ni wazo lake mwenyewe, na kila mtu hulala vizuri. Nilikuwa tayari ninakohoa kikohozi changu cha kuingilia chai.

Yusuf akasimama.

"Hawajakubali!" akasema, kwa Kiswahili, kisha akakariri kwa Kiingereza. "Hawajasema neno lolote. Unaandika kitu ambacho hakuna aliyekisema!"

Bwana shauri akawa mwekundu mpaka masikioni. Lakini aliyekasirika zaidi alikuwa Haji Mursal. Alifumbua macho, akauliza kwa Kisomali, bila hata kupaza sauti: "Nani huyu aliyevaa suruali ya Wazungu na viatu vya wanawake?"

Watu wakainamisha nyuso. Wengine walikuwa wakicheka ndani ya vilemba.

"Ni mtoto wa Halima," mtu akasema.

"Nani amempa zamu?"

Hakuna aliyempa. Kijana kusema mbele ya wazee bila zamu, tena kuwasemea wao, ni jambo ambalo hata walevi wetu hawalifanyi. Nikamwona Yusuf anaelewa alipo. Chuoni alinyamaza wakamgongea vijiko. Hapa amesema, na fimbo ya Haji Mursal imeinuka kutoka ardhini. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefukuzwa nyumba mbili kwa wakati mmoja.

Kuna njia moja tu katika desturi yetu. Mtu mwenye zamu anaweza kumwazima asiye nayo. Mimi nikiwa mkalimani sina zamu. Nikiwa mzee ninayo, lakini nikiitumia siwezi tena kuwa mkalimani wa shauri hilo. Nimefanya kazi hii kwa uangalifu mkubwa, na sijawahi kuvuka mpaka huo.

"Nimempa yangu," nikasema, nikaenda kuketi upande wa wazee.

Haji Mursal akanitazama sana. Kisha akaitua fimbo. "Na aseme basi. Kwa ufupi. Wewe hukumfundisha ufupi, lakini ajaribu."

Yusuf akajaribu. Akamweleza bwana shauri kwa Kiingereza kwamba kimya cha leo ni cha watu waliobeba swali kulipeleka kwa wenye mifugo, na kwamba jibu lipo njiani. Akawaeleza wazee kwa Kisomali kwamba kwa watu wa bwana shauri anayenyamaza amekwisha kukubali, na ramani ilikuwa inakunjwa. Hapo wazee walishtuka kweli. Mmoja alisimama kabisa. Walikuwa wakidhani ameikunja kwa sababu ya upepo.

"Jibu litakuja lini?" bwana shauri akauliza.

"Mwambie, ngamia wakirudi kunywa," akasema Haji Mursal.

"Hiyo ni siku ngapi?"

"Mwambie awaulize ngamia."

Banda zima likacheka, na bwana shauri, baada ya Yusuf kumtafsiria, akacheka pia, kwa kuchelewa kidogo. Wakaafikiana kukutana juma lijalo. Sijui kama malka itasalimika. Huenda ikafungwa vile vile. Lakini haitafungwa kwa kimya cha Haji Mursal.

Tukarudi nyumbani kwa njia ya soko. Yusuf alikuwa akitembea mbele, zile hatua zake ndefu, kisha ghafla akasimama katikati ya wauza maziwa akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika magoti.

"Abti," akasema, "wote walikuwa wamekaa pale wanangoja Fatiha. Naye anakunja ramani!"

"Kama wewe."

"Kama mimi." Akafuta macho. "Lakini yule msimamizi wetu hakunidanganya, basi. Mimi nilimwona mwongo. Yeye aliona nimekubali kweli."

"Huenda. Au alifurahi kuona hivyo. Yote mawili hukaa ndani ya mtu mmoja."

Tukatembea. Mimi nikaanza, kama kawaida yangu, kumweleza atakavyowaeleza wenzake ukumbini: aanze na maana ya shir, kisha zamu, kisha Fatiha. Akanikatiza, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Hapana, abti. Nikianza hivyo watagonga vijiko tena. Wao hawakumtuma mtu kuja kuwafundisha desturi za Garissa. Walinituma nikaseme hapana, na hapana haikusemwa. Nitaanza na hilo. Nitawaambia: mlinituma, sikusema, nisameheni. Kisha nitaomba kamati ilifungue shauri upya, na safari hii nitasema pale pale kwamba sijakubali na ninakwenda kuwauliza wenzangu."

"Na wakikuondoa?"

"Wataniondoa nikiwapo."

Nikatoa kibali mfukoni nikampa. Akakitazama, akanitazama mimi. "Ulikuwa nacho siku zote?"

"Nilikuwa nangoja."

"Wallahi, wewe na Haji Mursal!"

Lori lilikuwa la Gedi, ambaye huchukua ngozi za mbuzi na samli kupeleka Nairobi. Gedi hana subira hata siku ya mawingu, na leo mtu wa kivuko alikuwa amemwambia mto unazidi kupanda, atavusha mara moja tu kisha atafunga kamba. Tulipofika kivukoni baada ya Alasiri na sanduku la Yusuf, alikuwa amekwisha kuwasha injini na anabiga honi, kama anavyosema yeye, ambaye kila p kwake ni b.

"Brofesa! Banda haraka! Mto haingoji mtu ya kitabu! Keti hapa mbele, huko nyuma ngozi inanuka babako!"

"Babangu amekufa, Gedi."

"Basi Mungu amrehemu, lakini banda!"

Yusuf akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kisha akaenda kwa mama yake.

Halima alikuwa amekuja kivukoni kabla yetu, akiwa na kopo la nyirinyiri, nyama iliyokaushwa na kukaangwa katika samli, ile inayodumu safari nzima bila kuoza. Alikuwa ameipika tangu jana. Mimi nilipoliona lile kopo asubuhi nyumbani kwangu nilijisemea, huyu naye anataka aende, tuko pamoja. Yusuf alimwinamia, wakanong'onezana kidogo, hooyo huku na hooyo huku, maana neno la mama nalo kwetu huenda na kurudi. Akapanda. Kivuko kikaondoka kikiwa kimeinama upande mmoja, maji yakikigonga, na Gedi bado anapiga honi katikati ya mto, sijui akimpigia nani.

Tulisimama mpaka lori likapanda ukingo wa pili na vumbi likalifunika.

Nilikuwa nimefurahi. Niandike ukweli: nilikuwa nimejaa furaha kama mtu aliyefunga shauri gumu. Nikamgeukia Halima nikamwambia Mungu ni mkubwa, ataufikia ukumbi wake na atasimama.

Halima alikuwa ameshika ncha ya shuka yake mdomoni. Akaitoa.

"Umemaliza, walaal?" akaniuliza. Walaal ni ndugu. Hutumia neno hilo na mimi pale tu anaponitenga.

"Nimemaliza nini?"

Akainama akaokota zile ndara zake, ambazo Yusuf alikuwa amezivua kando ya lori ili avae viatu, akazikung'uta mchanga, akaenda zake peke yake kwa njia ya juu, si ile tunayopita sote.

Ndiyo maana siwezi kukaa. Nilidhani ni wasiwasi wa mto, au wa ule ukumbi wenye vijiko. Lakini Yusuf amevuka salama, na ukumbi ni wake. Kinachoniinua kitini ni lile swali la dada yangu.

Ni mjane mwenye mtoto mmoja. Mumewe alipokufa aliwauza mbuzi wote wa nyikani akaja kuishi mjini ili Yusuf awe karibu na shule, kisha shule ikamchukua Yusuf mbali zaidi, na zaidi tena. Majuma haya mawili kijana alipokuwa amelala hapa kwangu, Halima alikuja kila asubuhi na maziwa. Aliketi mlangoni. Sisi tulizungumza, mimi na kijana, mimi na jirani, mimi na watu wa msikitini, kuhusu arudi au asirudi. Nilijaribu sasa hivi kukumbuka Halima alisema nini.

Alisema, "Mwache alale."

Alisema, "Chai itapoa."

Sikumbuki jingine, wala sikumbuki kumwuliza. Na huenda Yusuf aliposema leo alfajiri kwamba hapandi lori, palikuwa na mtu mmoja mjini hapa aliyeisikia habari hiyo na kumshukuru Mungu. Sijui. Nasema huenda. Huenda pia alitaka aende, na anachotaka ni mtu wa kukaa naye jioni ya leo. Nyirinyiri hupikwa na anayetaka mtoto aende, na hupikwa pia na anayejua kwamba ataenda, apende asipende.

Jua bado liko juu ya nyumba za upande wa mto. Maghrib iko mbali kidogo. Nyumba yake si mbali.

Acha kuandika, mzee. Vaa viatu, nenda kwa Halima sasa hivi, ukamwulize yeye alikuwa akitaka nini.